Wanakupa shime sikio (kifaa cha kukusaidia kusikia), wanafunga faili. Kliniki za masikio ni za wanaosikia tu?

Wakuu, leo siandiki kwa upole, mtanivumilia.

Hospitali kubwa ya rufaa jijini Dar, kliniki ya masikio, pua na koo. Benchi zimejaa wagonjwa wa masikio. Muuguzi anachungulia mlangoni, barakoa usoni, anaita jina mara moja, anarudi ndani. Usipoitika, faili lako linashushwa chini ya mafaili yote. Yaani viziwi wanaitwa kwa sauti! Nilimwambia dada wa mapokezi kwamba sisikii, anipungie mkono zamu yangu ikifika. Akakubali. Saa sita akaondoka, akaja mwingine ambaye hakuambiwa lolote. Benki unapewa namba na unaisoma kwenye skrini. Kwa wagonjwa wa masikio hilo limeshindikana.

Mimi masikio yangu yaliondoka na sindano za TB sugu. Waliopita huko wanaijua kanamaisini: sindano kila siku, mwezi baada ya mwezi. Kifua kilipona, nashukuru Mungu, lakini dawa ile huua chembe za sikio la ndani, na zikishakufa hazioti tena. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba isitumike tena kwa TB sugu. Siku hizi wagonjwa wanapewa vidonge. Safi sana. Na sisi tuliokwisha kuchomwa? Mimi sijaitwa hata kupimwa upya.

Sauti nyembamba ndizo huondoka mwanzo: s, f, sh, t. Nasikia kwamba mtu anaongea, maneno siyapati. Kwa hiyo kunipigia kelele hakusaidii, ni kunidhalilisha tu mbele za watu. Na shime sikio si miwani ya kusomea ya pale stendi, ukajaribu ukaondoka nayo. Linarekebishwa kwa kompyuta kulingana na kipimo chako, unakaa nalo wiki kadhaa, unarudi kusema vyombo vikigongana vinakuumiza, sauti yako mwenyewe inavuma kichwani, kanisani huambulii kitu. Wanapunguza hapa, wanaongeza pale. Kule kurudi ndiyo matibabu yenyewe, na ndiko walikoziba.

Naishi Songea. Kwenda Dar ni kutwa nzima kwenye basi, bado nauli, bado pa kulala. Unafika, mtaalamu wa usikivu yuko semina. Safari nyingine yupo, ila hana waya wa kuunganisha kifaa chako, kwa sababu cha kwako kilitoka kwa wafadhili na ni cha kampuni nyingine. Au barua ya rufaa imepitwa na wakati, rudi ukaanzie kituo cha afya. Dirisha la bima nikaandikiwa kwenye karatasi kwamba marekebisho ya kifaa hayalipwi. Nikauliza kwa nini. Yule bwana akanijibu kwa mdomo, akiwa ameinamia kompyuta yake.

Miadi sasa: "Piga simu namba hii." Mimi nipige simu! Natuma ujumbe mfupi, hawajibu, wanapiga. Anayepokea ni binti yangu wa darasa la sita, na yeye ndiye anayeulizwa kama baba alimaliza dozi ya TB. Siri ya mgonjwa iko wapi hapo?

Halafu ifike tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani: maturubai, fulana, watoto wanavishwa vifaa mbele ya kamera. Watoto wapewe, sina ugomvi na hilo. Lakini mtu mzima akirudi na kifaa kinachopiga mluzi anaambiwa "ni umri huo, mzee". Nina miaka 44! Wangapi mna wazazi wenye shime sikio lililolala kabatini, mkidhani ni ukaidi wao?

Kinachohitajika si mabilioni. Namba kwenye skrini au hata ubao wa chaki. Namba ya simu inayojibu ujumbe. Mtu mmoja mwenye kompyuta na waya zake katika kila hospitali ya mkoa, hata kama ni siku moja kwa mwezi, ili mtu wa Tunduru asiende Dar kuongezewa sauti.

Wakati tunasubiri: kuna mwenye kujua duka Songea, Njombe au Mbeya linalouza betri namba 675, zile za kibandiko cha bluu, ambazo hazijaexpire? Na kile kimpira cha plastiki kinachoingia sikioni, changu kimekakamaa na kupasuka. Andikeni hapa hapa. Tafadhali msiombe namba mnipigie.