Sahani ya stenlesi inang'aa, bolti zimeliwa: nimeuziwa feki?

Nahodha_Mkoani
Wakuu, salaam. Nina boti ya faiba ya kuvulia huku Mkoani, Pemba. Usukani umeshikiliwa na sahani inayokaa chini ya maji. Ile ya zamani ilikuwa chuma cha kuchovywa zinki, na bolti zake hivyo hivyo, zikadumu miaka. Ilipochoka nikajikaza, nikachongesha ya stenlesi, nene. Bolti nikanunua zile zile za zinki, duka lile lile. Kaskazi imepita, kusi haijakolea, juzi tumeipandisha wakati wa bamvua: sahani inang'aa kama sufuria ya harusi, bolti zimekonda shingoni, mbili nimezivunja kwa mkono. Mwenye duka anaapa mzigo ni ule ule. Nimeuziwa feki?

Fundi_Mkerezaji
Kaka, mwache mwenye duka wa watu. Ulichobadilisha ni sahani. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri, na ile dhaifu inaliwa badala ya mwenzake. Foleni, kuanzia anayeliwa kwanza: zinki, alumini, chuma cha kawaida, shaba, halafu stenlesi huko karibu na mwisho. Vyako vya zamani vilikuwa jamii moja, havikuwa na ugomvi.

Ila kilichokumaliza hasa ni ukubwa. Sahani pana, bolti ndogo, kwa hiyo ulaji wote umeangukia kwenye zile shingo chache. Ingekuwa kinyume, sahani ya chuma na bolti za stenlesi, ungeona kutu kuzunguka matundu na ungeendelea kuvua.

Jeshi la majini la Uingereza lililipia jambo hili zamani. Mwaka 1761 waliifunika meli yao ya mbao, HMS Alarm, kwa mabamba ya shaba chini, minyoo isitoboe mbao. Ilipokaguliwa 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imekwisha na baadhi ya mabamba yamebanduka. Ila pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungia mabamba ilikuwa haijaondolewa, msumari ulikuwa mzima. Karatasi tu!

Wewe weka bolti, nati na washa za stenlesi ya daraja la 316, zote. Isiwe 304. Ile 316 ina metali iitwayo molibdenamu, asilimia 2 hadi 3 hivi, ndiyo inayozuia chumvi isiitoboe. Usipime kwa sumaku, kwa kawaida haishiki hata moja kati ya hizo mbili. Na hata 316 haipendi kufichwa: chini ya washa, penye maji yaliyotuama yasiyo na hewa, inaoza huku juu inameremeta. Ziba vizuri kwa gundi ya boti.

Ziwani_Mwanza
Mchanganyiko huo huo ninao kwenye boti yangu hapa Mwanza, mwaka wa ngapi sijui, haujanisumbua. Mnatisha watu.

Fundi_Mkerezaji
Mkuu, wewe uko ziwani. Maji baridi, yasiyo na chumvi, yanapitisha umeme kwa shida. Ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kila lita. Ilete Pemba tuone.

Babu_Jahazi
Ndiyo maana mtepe, chombo cha wazee wetu, ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja. Hiyo 316 bei gani?

Fundi_Mkerezaji
Babu, ghali. Lakini kamba nayo ilitaka kushonwa upya kila mara.

Nahodha_Mkoani
Nimekuelewa fundi. Bolti nimeagiza Dar, zitachelewa, na nyumbani wanataka kula. Kwa sasa nifunge za zinki nizipake rangi nzito?

Fundi_Mkerezaji
La, usipake bolti peke yake! Rangi ikikwaruzika kidogo, ulaji wote unahamia kwenye huo mkwaruzo na bolti inatoboka upesi kuliko ingekuwa haina rangi. Paka sahani, upande wote unaogusa maji. Kisha funga kipande cha zinki, kile kinachouzwa na wauza vipuri vya mashine za boti. Pahala pa kukifungia, kwangua rangi ya sahani, vigusane chuma kwa chuma. Chenyewe usikipake hata tone, kazi yake ni kuliwa. Kikibaki nusu, badilisha.

Nahodha_Mkoani
Kesho maji yakitoka naanza kukwangua. Mwenye duka nitamwomba radhi nikienda kununua zinki.