Naomba ushauri: mdogo wangu asomee magari ya dizeli au ya umeme?

Habari zenu wadau. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne hapa Embakasi, anataka sana kazi ya kuunganisha magari. Barabara ya Mombasa kuna kiwanda cha Isuzu, kile kilichoitwa General Motors East Africa hadi 2017, na malori yake ni ya dizeli. Lakini mabasi ya umeme ya BasiGo yanaunganishwa Thika, na Roam wanaunda pikipiki za umeme hapa hapa Nairobi. Mimi naona umeme ndio unakuja, ila karo inatoka kwenye mboga anazouza mama, hatuwezi kubahatisha. Aanze na ufundi wa dizeli au aende umeme moja kwa moja? Na mlio viwandani, kijana asiye na uzoefu huingiaje?