Matone ya Mjomba

Mjomba Hamisi: Asalaam alaykum. Jirani kaniambia vidonge vyangu vya presha, losatani, vinalinda mshipa wa fahamu wa jicho. Si niongeze kimoja usiku, niachane na haya matone ya presha ya macho? Yananiwasha, na kachupa kanaelekea kuisha.

Zuhura: Wa alaykum salaam, shikamoo mjomba. Nakuomba usiongeze wala usiache.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Kwani kanidanganya?

Zuhura: Hapana. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walichapisha kwamba panya waliopandishwa presha ya macho, wakinyweshwa losatani, chembe za neva ya jicho zilinusurika. Enalaprili, nayo ya presha, haikuwasaidia. Kwa hiyo si kule kushusha presha kulikowalinda. Lakini hao ni panya mjomba, na wewe una jicho moja tu linaloona vizuri 😢

Zuhura: Halafu usiku presha ya mwili hushuka yenyewe. Ukiongeza kidonge inashuka zaidi, damu haifiki vizuri kwenye neva ambayo tayari inaumwa. Ikishakufa hairudi.

Rashidi: Mbona hata timololi anayotia baba ni ndugu wa dawa za presha?

Zuhura: Ni kweli. Miaka ya 60 madaktari waliona propranololi, dawa mojawapo ya presha ya mwili, inashusha na presha ya jicho. Ndipo ikaja timololi, Marekani wakaipitisha 1978. Yenyewe inapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho.

Mama Shufaa: Jamani, mimi nilitia hayo matone ya kaka juzi, macho yalikuwa mekundu.

Zuhura: Mama! Na pumu yako? Usiyaguse tena. Tone linapita puani, linaingia kwenye damu, linabana kifua. Unapumua vizuri?

Mama Shufaa: Usiku nilikohoa sana. Nikadhani vumbi.

Zuhura: Nakuja sasa hivi. Inhela iwe mkononi. Ukibanwa kabla sijafika, Rashidi akupeleke hospitali, msinisubiri.

Rashidi: Niko njiani kwa shangazi.

Zuhura: Mjomba, ukishatia tone moja, fumba jicho, bonyeza kwa kidole pale kwenye kona karibu na pua, dakika mbili. Kuhusu kuwasha tutamwambia daktari wako, zipo dawa nyingine.

Mjomba Hamisi: Nimebonyeza. Leo ule uchungu kooni sijausikia. Shufaa, unaendeleaje?

Mama Shufaa: Napumua kaka. Rashidi kashafika.