MREJESHO: Binti yangu kiziwi na marafiki shuleni

Wakuu, niliuliza binti yangu kiziwi atapataje marafiki; yuko darasa la tatu shule jumuishi. Wenzake wanaosikia walimpenda tu, ila mapumziko yakifika alikuwa anabaki peke yake. Wengi mlisema nimpeleke bweni la viziwi. Hajahama.

Mwalimu wa elimu maalumu alianza kulifundisha darasa zima alama chache kila asubuhi: njoo, zamu yako, umetoka, unadanganya. Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoishika haraka kuliko zote!

Kilichofungua njia hasa ni rede. Kukwepa mpira hakuhitaji masikio, na huyu ana macho ya mwewe. Sasa wanamgombania awe upande wao. Kombolela bado inamtenga, maana wanaitana kwa sauti.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya elimu sawa na wenzake, lakini haimtafutii wa kucheza naye. Aliyenishauri nizungumze na mama wa jirani yake wa dawati, asante sana. Mtoto wao huja kwetu Jumamosi, wanabishana kwa mikono mpaka chai inapoa.