Muuzaji ananiambia "uliiacha imekokiwa": hiki kisingizio cha springi kimenichosha

Wakuu salaam, leo sina salamu ndefu, nimevurugwa.

Nimenunua kamera ya filamu, Pentax K1000, kwa jamaa mmoja hapa Dar, simtaji, anajijua. Akaniapia kwamba imefanyiwa sevisi, we weka filamu upige kazi. Haya, nimepiga roli ya kwanza, imesafishwa, nimeskani, kila picha ya spidi 1/1000 (sehemu moja ya elfu ya sekunde) ina upande mmoja mweusi tii, na za 1/500 ukikazia macho zina kivuli upande ule ule. Nampigia simu kistaarabu kabisa, jibu lake eti "mkuu utakuwa unaiacha imekokiwa usiku, springi imechoka hiyo". Kukoki ni kuvuta ile leva inayosogeza filamu na kukaza springi za shata, yale mapazia yanayofungua na kufunga mwanga. Basi. Hajauliza spidi gani, hajaomba hata kuona picha, kosa limeshakuwa langu.

K1000 zilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote ina umri wa mtu mzima. Springi ivumilie miaka yote hiyo kwa wenyewe sijui wangapi halafu ije ife mkononi mwangu kwa sababu sikuibembeleza usiku? Aisee.

Kilichoniudhi zaidi, nikaenda kuuliza kwenye magrupu nikidhani nitapata watu, nikakuta kwaya nzima inaimba wimbo wa muuzaji. "Usiache shata imekokiwa", "ukimaliza kupiga legeza", "mzee wangu alinifundisha hivyo". Nauliza kamera gani? Hakuna anayejibu! Kwao kamera ya filamu ni kamera ya filamu, Zenit na Hasselblad ni ndugu wa baba mmoja.

Sasa tusikilizane. Ndani ya K1000 kuna mapazia mawili ya kitambaa yaliyozungushiwa kwenye rola zenye springi. Fundi anapoifunga kamera anazikaza hizo springi tangu mwanzo, na zinabaki zimekazwa hata kama hujagusa leva mwaka mzima, maana bila hivyo pazia lisingefika mwisho wa safari yake. Ukikoki unaongeza mizunguko michache tu juu ya ile iliyokuwepo. Yaani hiyo springi iliyolegea kabisa na kupumzika mnayoihubiri haimo humo ndani. Mnapumzisha nini? Springi nzuri ya chuma ikivutwa ndani ya uwezo wake inachoshwa zaidi na kuvutwa na kuachiwa maelfu ya mara, na hiyo ndio kazi ya kamera, huwezi kuikwepa labda uifanye pambo la sebuleni.

Kingine hamtaki kukisikia. Kamera za filamu zenye mota, Minolta 7000 ya 1985, Canon EOS 650 ya 1987, Nikon F5 ya 1996, zote ukipiga picha mota inasogeza filamu na kukoki shata hapo hapo, zinalala zimekokiwa kila siku, na mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo. Au Hasselblad 500C/M, lenzi yake ina shata ndani, na huwezi kuitoa wala kuifunga kwenye bodi mpaka vyote viwili viwe vimekokiwa, ukilazimisha vinakwama na hapo ndio utamtafuta fundi huku unalia. Kwa hiyo lenzi za Hasselblad zilizotolewa na kukaa kabatini zimekaa kabatini zimekokiwa, miaka na miaka. Na ukishapiga picha kwenye ile kamera kioo kinabaki juu, ukichungulia ni giza mpaka ukoki. Mtu anayekwambia usikoki mpaka dakika ya mwisho anataka utafute picha yako gizani.

Canon AE-1 nayo bila betri haifyatuki. Betri imekufa safarini ikiwa imekokiwa, imekaa hivyo mpaka upate nyingine. Mbona hamuwaambii wenye AE-1 wafanye msiba?

Tena hiyo sheria yenu kuna kamera inaziua kabisa. Zorki 4 ya Mrusi unatakiwa ukoki kwanza ndio ubadilishe spidi, ukianza na spidi unaweza ukavunja meno ya ndani. Leo mtu mgeni ameambiwa "usikoki mpaka uwe tayari kupiga", anajiandaa vizuri, anazungusha spidi kamera ikiwa haijakokiwa, krak. Halafu mtamwambia springi.

Nisionekane mbishi wa kila kitu. Zile folda za zamani (kamera za kukunja) zenye shata ya Compur iliyo kwenye lenzi, ambazo kukoki na kusogeza filamu ni vitu viwili tofauti, sawa, koki pale unapotaka kupiga, hupotezi chochote, na ile Compur-Rapid spidi yake ya 1/500 inabidi uichague kabla ya kukoki kwa sababu ina springi yake ya ziada. Na kamera unayoifungia ndani miaka, iache bila kukoki, sina ugomvi, haikugharimu kitu.

Kuna sababu moja ya maana ya kutotembea na K1000 imekokiwa, na hakuna hata mmoja kwenye yale magrupu aliyeitaja: kitufe chake hakina loki. Kikibonyezwa na kitu ndani ya begi umepoteza fremu, na bei ya filamu siku hizi mnaijua wenyewe. Nikon FM2 angalau ukisukuma leva ndani kitufe kinajifunga. Kwa hiyo mimi nikiwa kazini nakoki mara tu baada ya kupiga, kwa sababu mtu akicheka hasubiri nivute leva, na nikipiga ya mwisho ya siku sivuti tena, naiweka kwenye begi. Ni kwa ajili ya fremu, springi haihusiki. Ila nyie mnakoki halafu jioni mnafyatua lenzi ikiwa na mfuniko "ili ipumzike", mtu ana roli ya 36 ndani yake picha sita nyeusi za mfuniko, na anajiona ndiye anayetunza kamera!

Turudi kwa muuzaji wangu. Upande mweusi kwenye 1/1000 ni ugonjwa unaojulikana. Kwenye spidi hiyo mapazia yanakimbia yakifuatana na mwanya mwembamba sana katikati yao, sasa la kwanza likiwa zito kwa oili iliyoganda na vumbi, au mkazo wa springi haukusetiwa sawa, la pili linalikuta njiani, mwanya unaziba kabla ya kumaliza fremu. Spidi za chini mwanya ni mpana ndio maana picha zinatoka vizuri na muuzaji anapata cha kukuonyesha. Dawa yake ni kuifungua, kuisafisha, kutia oili mpya na kuseti mkazo, yaani ile ile sevisi aliyoniapia kwamba imefanyika. Mkitaka kupima kabla hamjatoa hela, fungua mgongo, kamera bila filamu, weka 1/1000, elekeza dirishani penye mwanga, fyatua mara kadhaa huku unaangalia kwa nyuma. Ukiona upande mmoja hauwaki mrudishie mwenyewe.

Na ukiona mtu anauza kamera ya filamu halafu 1/1000 hataki uijaribu kwa sababu "utachosha springi", hamia kwa muuzaji mwingine.

Naomba vitu viwili. Kama kuna anayemjua fundi hapa Dar anayeweza kuseti mapazia ya K1000 na ana kifaa cha kupima spidi, sio wa kumwagia oili kwa juu, aniwekee mawasiliano inbox. Na wewe jamaa, najua unapita humu kila siku, picha nimeshakutumia zote, namba yangu unayo, ama unirudishie hela ama ulipe hiyo sevisi uliyosema ulishaifanya.