Windows 98 na Windows 11 zipeane mafaili, naombeni msaada wakuu

FundiStika_Mza

Wakuu habari za humu. Nina karakana ndogo ya stika hapa Mwanza, tunakata maandishi ya daladala, bajaji, vioo vya maduka na namba za boti. Mashine yetu ya kukatia ni ya zamani, ile ya kuchomeka kwa waya wa COM, na programu yake inakubali Windows 98 tu, kwenye kompyuta mpya nimejaribu mara tatu haifunguki kabisa. Kwahiyo ile kompyuta ya 98 lazima ibaki. Ni Pentium III, RAM 128 MB, aliniachia baba mdogo aliponikabidhi kazi na mpaka leo inapiga mzigo kila siku.

Shida ni kuhamisha kazi. Nachora kwenye laptopu ya Windows 11 halafu napeleka kwa flopi, na flopi zenyewe zimechoka, kati ya kumi zinasoma mbili tatu. Juzi dereva wa daladala kakaa kwenye benchi saa nzima, gari imesimama, hesabu ya tajiri inamsubiri, na mimi nahangaika na faili moja mara nne. Flashi nikichomeka 98 inadai draiva. Nikanunua kadi ya netiweki Realtek 8139, ikakubali, taa inawaka. Kuna video ikasema niwashe SMB 1.0 (njia ya zamani ya kushea mafaili) kwenye laptopu, nikawasha, sasa 98 inaiona laptopu ila nikibonyeza inaniuliza paswedi ya kitu kinaitwa IPC$, naweka paswedi ile ile ya laptopu inakataa. Nimekwama hapo siku ya tatu. Msaada tafadhali.

jembe_la_kale

Mkuu hiyo IPC$ inasumbua wengi. 98 haikuulizi jina la mtumiaji, inachukua lile uliloingia nalo asubuhi ilipowaka, so kama ulibonyeza Esc pale kwenye kuingia hapo netiweki huna kabisa. Tengeneza akaunti kwenye laptopu yenye jina sawasawa na la 98. Halafu jina la folda unayoshea lisizidi herufi 12, likizidi 98 haitaliona. Ikigoma zima faiwoli ya laptopu na weka folda wazi bila paswedi, itakubali tu.

kebo_nyekundu

Hapo kwenye jina la akaunti na herufi 12 uko sahihi kaka, ila kuzima faiwoli na kuacha SMB 1.0 ikiwa imewashwa hapana, naomba FundiStika usifanye hivyo. Hiyo laptopu ndo unaingilia intaneti, M-Pesa za wateja ziko humo, kazi zote ziko humo.

Ngoja nieleze maana watu wanadhani Microsoft waliizima kwa kutukomoa. SMB 1.0 ndo lugha ya kushea mafaili ya miaka ile ya 80 na 90. Mwezi wa tano 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la hiyo lugha, kikafunga kompyuta nchi nyingi sana ndani ya siku chache, Uingereza hospitali zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Na dawa yake ilikuwa imeshatoka tangu mwezi wa tatu mwaka huo huo, watu hawakuiweka. Kuanzia toleo la Windows 10 la mwisho wa 2017 ndo ikawa inakuja imezimwa.

Na hata ukiiwasha paswedi bado itagoma, kwasababu 98 inatuma paswedi kwa mtindo wa kizamani unaitwa LM, na Windows toka Vista haihifadhi tena paswedi kwa mtindo huo, kwahiyo haina cha kulinganisha nacho. Ndo maana unaandika sahihi inakataa, sio kwamba unakosea.

Tumia FTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili kwa netiweki. 98 inayo tayari ndani, huhitaji kusakinisha chochote upande wa mzee. Kwenye laptopu weka FileZilla Server, programu ya kutoa mafaili kwa FTP, tengeneza mtumiaji mmoja mwenye folda moja tu ya kazi za kukata, ruhusu FTP ya kawaida isiyo na usimbaji maana 98 haijui hayo mambo. Chomeka waya moja kwa moja kati ya mashine mbili bila kupita kwenye ruta, porti ya laptopu mpya inajigeuza yenyewe kwahiyo waya wa kawaida unatosha. Laptopu ipe 192.168.50.1, 98 ipe 192.168.50.2, zote maski 255.255.255.0, pale kwenye geti (gateway, mlango wa kutokea) acha tupu. Ukiacha tupu 98 haina njia ya kutoka kwenda intaneti na hiyo ndo salama yako. Intaneti ya laptopu endelea kutumia Wi-Fi kama kawaida.

Halafu kwenye 98 fungua dirisha jeusi la DOS andika ftp 192.168.50.1, jina, paswedi, kisha bin kabla ya chochote, halafu get na jina la faili. Usisahau bin, bila hiyo inasafirisha kama maandishi na faili la picha linaweza kufika limeharibika, utalaumu kadi ya netiweki bure.

FundiStika_Mza

Asante sana mkuu, nimezima SMB 1.0 hapa hapa. Nimefuata yote ila 98 inasema haiwezi kuunganika. Nimefanya ping (kujaribu kama mashine zinasikiana) kutoka 98 kwenda laptopu hakuna jibu, toka laptopu kwenda 98 inajibu vizuri. Waya si mzima huo?

kebo_nyekundu

Waya mzima kabisa. Windows 11 kwa kawaida haijibu ping, 98 haina faiwoli ndo maana inajibu. Na netiweki isiyo na geti Windows 11 inaiita haijulikani inaiweka kundi la Public, yaani netiweki zisizoaminika. Nenda kwenye faiwoli ruhusu FileZilla Server kwenye Public pia, programu hiyo moja tu, usizime yote.

mama_wa_diski

Wanangu hamjambo. Mimi naomba tusimame kidogo kabla ya netiweki. Kijana hiyo diski ndani ya Pentium III ina miaka ishirini na ushee na programu ya kukatia iko humo humo, je CD yake unayo? Kama huna, siku diski ikigoma kuzunguka netiweki itakusaidia nini, na duka ndo limefungwa. Nimeshapokea mezani diski za namna hiyo zinagonga tik tik mwenyewe analia na hakuna cha kufanya.

Tafuta adapta ya IDE (kiungio cha diski za zamani) kwenda USB, zipo kwa mafundi, iwe na chaja yake maana USB peke yake haiwezi kuendesha diski kubwa ile. Zima kompyuta, toa diski, hiyo pini ndogo ya nyuma iweke kwenye Master, chomeka kwenye laptopu. Inasomeka vizuri tu, ni FAT32. Laptopu ikikuuliza uiformat kataa. Usikopi mafaili tu, toa nakala ya diski nzima kama ilivyo, kisha hiyo nakala ihifadhi sehemu mbili.

Ukishapata nakala, imwage kwenye kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash na adapta yake ya IDE, bodi inaiona kama diski ya kawaida kwasababu CompactFlash inaongea lugha ile ile ya IDE. Hakikisha kadi ni kubwa kuliko diski yenyewe. Haina sauti na haina kitu kinachozunguka. Diski ya zamani iweke kabatini.

jembe_la_kale

Mama umenena. Na mie nafuta ushauri wangu wa kuzima faiwoli, nilikuwa nafanya hivyo enzi za XP.

FundiStika_Mza

Shikamoo mama, CD sina, alikuwa nayo baba mdogo ikapotea kwenye kuhama. Leo sijakata kazi yoyote, nimetoa nakala kwanza, diski ni GB 10 tu, imesoma yote bila kugoma. Nakala moja iko kwenye diski ya nje, nyingine nimempa mke wangu akae nayo nyumbani. CompactFlash nimeagiza.

Netiweki nayo imekubali jioni hii baada ya kuruhusu Public. Nikaona kuandika amri kila mara kutanichelewesha, nikaweka amri zote kwenye faili la vuta.txt (open, jina, paswedi, bin, lcd c:\kazi, mget *.plt, bye) halafu faili la bat lenye mstari mmoja:

ftp -i -s:c:\vuta.txt

Hiyo -i inazuia isiulize ndio au hapana kwa kila faili. Ikoni iko mezani pa 98, dogo wangu anabonyeza mara mbili kazi zote zinashuka. Faili la kioo cha nyuma cha basi limekuja kabla hajamaliza kufunga roli la stika kwenye mashine.

Swali la mwisho mama, saa ya 98 kila ikiwashwa inarudi mwaka wa zamani, hiyo ni diski?

mama_wa_diski

Marahaba mwanangu. Hiyo ni betri ya kwenye bodi, bapa kama shilingi, CR2032. Ila kabla hujaitoa ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi, piga picha kila ukurasa kwa simu, maana mipangilio inaweza kufutika.