Mama anatoka Njombe, nataka kumpeleka Davis Mountains na RV mwezi wa 10, nisaidieni mawazo

Mbena_wa_Dallas
Wakuu habari za humu. Mama yangu anakuja mwezi wa 9 toka Njombe, ana miaka 67, presha anayo ila anatumia dawa na iko vizuri tu. Mgeni akija huku tunamzungusha mall na kanisani mpaka siku zinaisha, mwaka huu nimesema hapana, nataka tukodi RV, yani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende magharibi ya Texas, Davis Mountains State Park, siku 4, mimi, wife, watoto 2 na bi mkubwa. RV niliyoiona ni futi 31, ile ambayo injini na nyumba ni kitu kimoja, na mimi kikubwa nilichowahi kuendesha ni lori la kuhamia nyumba tena mara moja.

Wasiwasi ni miwili. Wife kasoma mtandaoni kwamba park iko juu sana halafu ni jangwa, anasema nitampandishia mama presha. Wa pili ni mama mwenyewe, nilimtumia video ya ndani ya RV akakaa kimya weee, afu akauliza "kwahiyo mtu yuko chooni na mimi napika hapohapo?" Nikakosa jibu. Aliyefika kule anisaidie.

Mnyalukolo
Kamwene mkuu. Samahani nimecheka mpaka chai imemwagika. Sehemu ya kambi iko kama mita 1500 hivi, hiyo ni Iringa mjini, mwambie wife ukweli kwamba mama anatoka Njombe ambako ni karibu mita 2000, yani mnamshusha, hammpandishi. Atakayehema hapo ni nyie mliozoea Dallas.

Nesi_Houston
Kucheka tucheke lakini wife ana hoja, sema kashika pasipo. Urefu huo haumsumbui mtu aliyezoea milima, kinachosumbua kule ni ukavu. Hewa ya jangwa inakukausha bila wewe kuona jasho, unashtukia midomo imepasuka na mtoto anatoka damu puani usiku. Kama moja ya dawa zake ni ile ya kukojoza basi amuulize daktari wake kabla hajapanda ndege, asije akaamua mwenyewe kuruka dozi eti njiani vyoo vya shida. Maji awe nayo mkononi muda wote, kofia pana, mafuta ya kupaka mengi. Na dawa zikae kwenye pochi yake, sio kwenye mabegi ya chini ya gari.

Semi_Kila_Siku
Hiyo barabara naijua buda, I-20 nimeipiga miaka sita. Toka Dallas ni kama masaa 8 na gari ndogo, na hiyo nyumba yako weka 10, kwa hivyo lala Midland ama Odessa, usijifanye shujaa na mzee yuko ndani. Hapo Odessa ndio ununue chakula yote, Fort Davis ni mji mdogo sana. Ukitoka Odessa kwenda Pecos utapata malori za mafuta mob na hawana huruma, na upepo wa ubavuni unasukuma RV kama karatasi, shika usukani na mikono mbili na upunguze mwendo, wacha wakupite. Jaza tanki Pecos. Halafu ukiingia I-10 unatokea Balmorhea unashika barabara ya 17 kwenda kusini, hapo ndio milima inaanza na ni kuzuri ajabu. Pale Balmorhea kuna state park nyingine yenye dimbwi la chemchemi, watoto waogelee kama liko wazi.

Na kama mtaunga mpaka Big Bend, ile hifadhi ya mpakani na Mexico, kila mtu atembee na paspoti ama karatasi zake, kurudi kaskazini na barabara ya 118 kabla ya mji wa Alpine kuna kizuizi cha watu wa mpaka. Mama asiwache paspoti Dallas.

Mnyalukolo
Naongezea hapo, kushuka. Unapita Kitonga kila ukienda nyumbani si ndiyo? Basi ni hivyohivyo, gia ndogo, acha injini ishike gari, breki gusa uachie gusa uachie. Ukikanyaga moja kwa moja zinachemka halafu zinakuacha. Na ile barabara ya Skyline Drive ya ndani ya park ina kona kali za kujikunja, usipande na futi 31, nendeni kwa miguu au tafuteni gari dogo.

Mama_Pilau_254
Sisi tulienda Disemba, wacha niwaambie. Tulifunga mpira wa maji kwa bomba la kambi jioni tukalala, asubuhi nafungua maji hakuna, natoka nje na gauni la kulalia napata mpira umekuwa mgumu kama muwa, barafu mpaka kwa mdomo. Mzee wangu aliubeba begani akaingia nao bafuni. Mwezi wa 10 sidhani utaganda lakini usiku inaweza kushuka nyuzi 5, kwa hivyo jaza tenki la ndani jioni na utoe mpira. Stima ukipata ya ampea 30 usiwashe hita na maikrowevu pamoja, inakata na unatafuta swichi kwa giza.

Maharagwe nayo yanachelewa, maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, beba presha kuka. Na watoto wasitembee miguu tupu, kuna mbigiri! Ileile ya kwetu, sijui ilifikaje. Chakula kisilale nje, kuna wanyama wa mwitu wanafanana na nguruwe wadogo, wanaitwa javelina, watakuja kwa harufu.

Mbena_wa_Dallas
Daah asanteni sana. Presha kuka mama hasafiri bila nayo, itakuja toka Njombe lol. Ila swali la choo bado hamjanijibu.

Nesi_Houston
Jibu lipo. Ndani ya park hiyohiyo kuna hoteli inaitwa Indian Lodge, kuta nene za udongo, ilijengwa miaka ya 1930 na vijana wa CCC, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi enzi za rais Roosevelt. Mchukulie mama chumba huko, nyie bakini na RV, mchana anakuja kupika na kuwasimamia, usiku anaenda kwenye choo chake chenye mlango wa maana. Uliza kwanza kama siku zenu iko wazi maana huwa wanafunga kwa ukarabati. Na kiwanja cha RV unaruhusiwa kubuku miezi 5 kabla, sahivi ni mwezi wa 5, ukichelewa wikiendi zote zimeisha.

Semi_Kila_Siku
Musisahau nyota. McDonald Observatory, kituo cha kuchunguza nyota, iko hapo juu, dakika kama 20, wana usiku wa kutazama na darubini, nunua tiketi mapema na uvae koti, kule juu ni karibu mita 2000 na mnakaa nje. Tochi nyeupe hawataki kabisa.

Mwanahistoria_wa_Kahawa
Na mpite ngome ya Fort Davis pale mjini, kuingia ni nusu saa tu mkitaka. Wanajeshi weusi, wale Buffalo Soldiers, walikaa hapo kuanzia 1867 mpaka 1885. Luteni Henry Flipper, mweusi wa kwanza kumaliza West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, alishtakiwa hapo 1881 kwa kesi ya pesa, wizi wakamkuta hana ila jeshini wakamfukuza. Msamaha alipewa 1999, kashakufa zamani. Mimi nilisimama kwenye ule uwanja sikuongea na mtu.

Mbena_wa_Dallas
Nimerudi wakuu. Kiwanja nimepata, Jumatano mpaka Jumapili, na chumba cha mama nimekipata kwa usiku mbili tu, hizo mbili zingine zimejaa. Nimempigia nikamwambia usiku nyuzi 5, akauliza "mchana au usiku?" nikasema usiku mama, akasema basi ni joto. Alichotaka kujua ni kama kuni zinaruhusiwa. Nimeangalia, inategemea ukame wa siku hizo, wakitangaza marufuku ya moto ni jiko la gesi tu. Hizo usiku mbili za choo cha ndani sijamwambia bado.

Mama_Pilau_254
Mwambie akiwa ameshafika Dallas.